Kituo cha Kati ya Orihara na Kuzumi

Rafiki yangu Chizuru alinisimulia haya mara moja tu, na siku hizi hapandi treni kabisa.

Alitoka kidogo kumnunulia baba yake machenza. Kurudi, mzee, ambaye kumbukumbu zilishaanza kumtoka, hayumo nyumbani. Chizuru akaikimbilia treni ambayo mzee alizoea kuipanda, huku akimpigia simu.

“Haya, fumbua!” baba akapokea kwa furaha, huo ndio mchezo wao wa kubahatisha vituo vya treni tangu binti yu mdogo. “Jirani zangu ni Orihara na Kuzumi. Niko kituo gani?”

“Baba, nakuomba! Pale kati hakuna kituo, ni handaki tupu!”

“Bingwa mzima umeshindwa? Hapa ndipo njia zinapoungana, mwanangu. Nabadilisha treni.”

“Usipande, Baba! Usipande chochote!” Alilia, wala hakujali abiria waliomkodolea macho.

Treni ikaiacha Orihara, ikazama handakini. Taa zikazimika. Ndani ya simu akasikia ngurumo ya treni ikija, kisha honi. Honi hiyohiyo ikalia mbele ya behewa lake.

“Nimekuona,” baba akanong’ona. “Nifungulie.”

Treni ilikuwa kwenye kasi yake yote. Ndani ya simu, mtu aligonga kioo taratibu. Na gizani, kando ya shavu la Chizuru, dirisha likagongwa.