Mrozimari wa Scholastica

Jua lilikuwa linazama nilipotoka kuanua nepi. Mjukuu wangu Wendelin alikuwa mgongoni, analia. Tangu binti yangu Scholastica afariki kwa uzazi, kichanga chake kilikataa chupa. Maziwa ya kopo, ya mbuzi, wapi! Lakini kinanenepa. Nesi wa kliniki ya Litembo akanisifu. Nikamfunga mtoto mgongoni, nikarudi nyumbani.

Asubuhi ya siku hiyo jirani yangu Gertruda, aliyemwosha marehemu, alikuja kuninong'oneza.

"Dada, yale maji sikuyamwaga shimoni. Nilikuta mrozimari wake unanyauka, nikauonea huruma, nikaumwagilia."

Nilimfokea vibaya. Kwetu maji ya kumwoshea maiti huchimbiwa shimo mbali na nyumba, yakafukiwa, ili aliyekwenda asipate pa kurudia.

"Basi ung'oe," akasema.

"Toka kwangu!"

Ningeung'oaje? Scholastica aliupanda mwenyewe, kichaka cha majani ya kunukia, chini ya dirisha la jikoni. Aliupogoa kila mara, ukawa mfupi, umeshikana, wa kijani kiangazi na masika. Ukiugusa na kanga, unashinda unanukia.

Sasa nikapita karibu nao na nepi zangu. Mtoto akanyamaza ghafla.

Harufu haikuwa ya majani. Ilikuwa ya maziwa.

Matawi yakatikisika. Upepo hakuna...

Mgongoni nikasikia: chwi... chwi... Mtoto ananyonya.

"Yesu na Maria! Nani?"

"Ni mimi, mama."

Sauti ya mwanangu. Niliogopa, na bado nilifurahi, jamani. Nilifurahi!

"Mwanangu... utamwachisha ziwa lini?"

Kisha, taratibu:

"Tukifika."

"Mkifika wapi?"

Nilipeleka mkono nyuma, nikagusa mguu wa mtoto. Ulikuwa baridi kama jiwe la mtoni.

Nikachukua jembe.

"Mama, unanifukuza?"

"Ndiyo. Nisamehe, mwanangu. Huyu niachie."

Nilichimbua mizizi huku nalia kwa sauti, kama siku ya msiba. Kila jembe liliposhuka, alisema, "Mama..." Kisha hakusema tena. Nikaubeba mrozimari na udongo wake wote, nikaenda kuufukia bondeni, peke yangu.

Wendelin sasa ananyonya chupa. Mwili una joto, anacheka na kila mtu, hata Gertruda. Ana macho ya mama yake. Ni mimi tu ambaye hanitazami.