Rhobi na Mashine ya Kukereza Chuma

Asubuhi moja kijijini Nyambureti, Gati alikuwa amepiga magoti mbele ya jiwe la kusagia. Alikuwa anasaga mtama na muhogo mkavu. Jasho lilimtiririka usoni. Binti yake, Rhobi, alikuwa pembeni anachekecha unga. Katika kila boma la jirani ulisikika mlio ule ule wa jiwe juu ya jiwe. Mashine ya kusaga ya kijiji ilikuwa imekufa tangu mavuno.

"Mgongo wangu umekuwa upinde," Gati alisema. "Bado mshale tu."

"Pole, mama. Tata amesema leo mashine inafufuka."

"Baba yako! Hata juzi alisema hivyo hivyo."

Kisyeri, mume wa Gati, alikuwa mhunzi, na ukoo wake wote ulikuwa wa wahunzi. Majembe, mikuki na kengele za ng'ombe za eneo lile zilitoka katika moto wao. Mtu wa ukoo mwingine hakuthubutu kufanya kazi ya chuma. Watu waliamini kwamba nyumba yake ingepata mkosi. Na hata katika ukoo huo wenyewe, mwanamke hakuruhusiwa kushika nyundo mbele ya moto. Kisyeri hakuwa na mtoto wa kiume. Binti zake wakubwa walikuwa wameolewa mbali, na nyumbani alibaki Rhobi, aliyemaliza darasa la saba.

Kilichoua mashine ya kijiji ni shafti. Shafti ni chuma kirefu cha mviringo kinachozunguka ndani ya mashine na kuzungusha vyuma vya kuponda nafaka. Ilikuwa imekatika. Shafti mpya zilitoka ng'ambo, na miaka ile, baada ya vita vya Kagera, nchi ilikuwa na fedha kidogo za kigeni. Kijiji kiliambiwa kisubiri. Kisyeri akasema hasubiri mtu. Alichukua ekseli ya gari bovu, akaitia motoni, akaifua mpaka ikafanana na shafti.

Siku hiyo aliibeba begani hadi kwenye nyumba ya mashine. Wanawake walimfuata na vikapu vya nafaka. Mwendesha mashine alikuwa Maftah, mtu mwenye mizaha, ambaye babu yake alitoka pwani kufanya biashara.

Maftah aliizungusha shafti mkononi. "Bwana Kisyeri, una hakika imenyooka?"

"Wewe Mswahili, unamfundisha kiboko kuogelea? Jicho langu ndilo kipimo changu."

Wakaifunga. Maftah akawasha injini ya dizeli. Mkanda ukaanza kuzunguka. Mara mashine ikatetemeka kama mtu mwenye homa. Mabati ya paa yakagongana. Moshi ukatoka kwenye beringi, zile pete za chuma zinazoshikilia shafti. Maftah akanyakua mti, akausukuma mkanda ukatoka. Pakawa kimya.

"Tumeomba unga," mwanamke mmoja alisema, "Kisyeri ametuletea ngoma!"

Wanawake walicheka mpaka wakaweka vikapu chini. Kisyeri hakucheka. Alirudi nyumbani bila kumwangalia mtu.

Jumatatu iliyofuata lori liliingia kijijini. Lilibeba chuma kizito kilichofunikwa turubai, na mbele alishuka msichana aliyevaa ovaroli. Jina lake Bernadetha. Alitumwa na taasisi ya utafiti wa mashine iliyoko Arusha. Vijana walikishusha chuma kile kwa kamba na magogo, wakakiweka kando ya injini ya Maftah. Kisyeri alikuja kutazama.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti. Fundi wenu yuko wapi?"

"Ndiye mimi, mzee."

"Nauliza fundi."

"Ndiye mimi."

Maftah alijifanya anakohoa.

Bernadetha aliomba kuiona shafti. Aliipima kwa kipimo chenye midomo miwili, hapa na pale. "Mzee, umeifua vizuri. Chuma kimeshikamana. Lakini hapa ni nene na hapa ni nyembamba. Tofauti ni kama unene wa ukucha. Jicho halioni. Mashine inayozunguka kwa kasi ndiyo inaona, na ndiyo maana ilitetemeka. Tusiitupe. Tuikereze."

Akafunua turubai. "Hii ni mashine ya kukereza. Haisagi, hailimi. Kazi yake ni kuzaa vipuri vya mashine nyingine. Unafunga chuma hapa, kinazunguka. Kisu hiki kigumu kinakigusa na kukimenya kidogo kidogo mpaka kiwe mviringo kamili."

"Mmeinunua wapi?" Maftah aliuliza.

"Hatukuinunua. Tumeitengeneza sisi."

"Nyie? Hapa hapa Tanzania?"

"Hapa hapa. Nchi isiyo na mashine hizi ni kama nyumba inayoomba kaa la moto kwa jirani kila jioni. Siku jirani hayupo, mnalala njaa. Basi sisi tulichukua mashine ya ng'ambo, tukaifungua, tukapima kila kipande. Tukajiuliza, kipi tunaweza kukifanya wenyewe, na kwa chuma gani? Ile ya ng'ambo inataka umeme. Tukapita vijijini kuuliza watu wana nguvu gani. Wakasema, tuna injini za kusagia. Ndiyo maana hii inazungushwa kwa mkanda wa injini kama yako. Sasa tunaijaribu kwenu. Itakaposumbua, tutairekebisha. Ikikubali, tutapeleka michoro kiwandani, zitengenezwe nyingi humu humu nchini."

Kisha akasema neno lililowafanya watu watazamane. "Lori litarudi Jumamosi. Kabla ya hapo, lazima mtu wa hapa aiweze kazi hii. La sivyo mashine itakwenda kujaribiwa kijiji cha Issenye. Mashine ikikaa bila kutumika haitufundishi chochote."

Mwenyekiti wa kijiji aliwaita vijana. Mmoja alisema ana ng'ombe wa kuchunga. Mwingine alisema mkono unamuuma. Ukweli ni kwamba waliogopa mkosi wa chuma. Wote wakamtazama Kisyeri.

"Nitaifanya mimi," Kisyeri alisema.

Bernadetha alimwonyesha kwa upole. Lakini Kisyeri alikuwa na mazoea ya mhunzi. Mhunzi hufanya haraka, kwa sababu chuma kikipoa hakimsikii tena. Alisukuma kisu kwa nguvu. Kisu kikalia, kikakatika.

"Polepole, mzee. Chuma hiki hakina moto, kwa hiyo hakipoi. Kitakusubiri."

Kesho yake alijaribu tena. Safari hii alikwenda polepole, lakini mistari midogo ya kipimo kilicho kwenye mashine ilimchezea. Macho yake yalikuwa yamezeeka mbele ya moto. Alipita kiasi, na kisu cha pili kikakatika.

"Kimebaki kimoja," Bernadetha alisema.

Rhobi alikuwa amesimama mlangoni tangu asubuhi. Alikuwa ameleta uji akasahau kuondoka. "Tata, ulipita mstari wa tatu," alisema.

"Unauona kutoka huko?"

"Ninauona."

Gati, aliyekuwa amekuja kutazama, akasema kwa sauti, mbele ya watu wote, "Basi si aishike yeye? Au tungoje mpaka lori liibebe, nirudi kwenye jiwe?"

"Mama Rhobi, unajua mwiko wetu," Kisyeri alijibu. "Mwanamke hashiki kazi ya chuma."

"Tata," Rhobi alisema, akiangalia chini kwa heshima, "ulinifundisha mwenyewe kwamba babu alikataza mbele ya moto. Alisema moto wa mhunzi una wivu. Hapa moto uko wapi?"

Kisyeri alitazama huku na huku. Hapakuwa na makaa, wala mvukuto, wala fuawe. Aliweka kiganja juu ya shafti. Akaipapasa kutoka mwisho hadi mwisho.

"Ni baridi kama jiwe la mtoni," Kisyeri alisema mwishowe. "Babu hakukataza hiki. Babu hakukijua. Na kama kuna mkosi, uje kwangu, mimi ndiye niliyeruhusu. Shika, mwanangu."

"Kwanza kaza kanga yako na ufunge kitambaa kichwani," Bernadetha alimwambia Rhobi. "Nguo inayoning'inia karibu na mkanda inaweza kumvuta mtu."

Rhobi alijifunga vizuri. Maftah akawasha injini. Rhobi aligusisha kisu taratibu, na uzi mwembamba wa chuma ukajikunja kama ganda la kiazi. Alisimamisha mashine, akapima. Akamenya tena, akapima tena. Baba yake alisimama nyuma yake. Siku hiyo ilikwisha, na ya pili ikaisha. Ijumaa jioni Bernadetha alipima shafti kutoka mwisho hadi mwisho, kisha akampa Rhobi mkono.

Jumamosi waliifunga. Bahati nzuri beringi hazikuwa zimepasuka, kwa sababu Maftah aliwahi kutoa mkanda. Injini ikawaka. Mashine ikazunguka bila kutetemeka, na unga mweupe ukamiminika. Gati alitia mkono, akaupaka usoni mwa mumewe. Vigelegele vikapanda. Dereva wa lori alipofika alikuta watu wanacheza, na akaambiwa hana mzigo wa kubeba.

Msomaji usidhani mambo yaliishia hapo. Utafiti haumalizwi kwa vigelegele. Baada ya mwezi mmoja, unga wa mashine ya kusaga ulikuwa umeangukia mafuta ya mashine ya kukereza. Ukaganda, na kisu kikawa kizito kusogea.

"Mmepika ugali juu ya chuma," Gati alisema.

Rhobi aliusafisha. Akashona kifuniko cha turubai, na Kisyeri akajenga ukuta wa udongo kati ya mashine mbili, akiacha tundu la mkanda. Bernadetha alipokuja kukagua, Rhobi alimweleza kila tatizo. Bernadetha alifurahi kuliko alivyofurahi siku ya shafti.

"Haya hatukuyaona Arusha," alisema. "Kule hatusagi nafaka kwenye karakana. Nitarudi nayo, na wenzangu watachora kifuniko cha chuma."

Na kweli walichora. Michoro ilipokamilika ilipelekwa kiwandani, humu nchini, na mashine za kukereza zikaanza kutoka. Nyambureti, baba na binti waligawana kazi. Kisyeri alifua kwenye moto wake, Rhobi akakereza kwenye nyumba ya mashine. Watu walileta vipuri vya plau, vya mikokoteni na vya pampu. Hakuna nyumba iliyopata mkosi. Vijana waliokataa walianza kuja kujifunza, na yule wa mkono unaouma akapona ghafla.

Mwaka uliofuata Issenye nao walipata mashine yao. Haikuwa ya majaribio. Ilitoka kiwandani, ina kifuniko chake cha chuma na jina la Tanzania ubavuni. Waliomba mwalimu. Rhobi alikwenda, na Kisyeri akamsindikiza, amevaa koti lake la sikukuu.

Kijana mmoja wa Issenye alimkimbilia mzee, akapokea mfuko wake. "Shikamoo, mwalimu! Karibu sana. Tulikuwa tunakungoja."

"Marahaba, mura," Kisyeri alisema, akachukua tena mfuko wake. "Umepokea mzigo usio wa mwalimu. Mimi ni baba tu. Pokea ule wa yule binti, na umwamkie vizuri, kwa sababu kuanzia leo yeye ndiye atakayekusahihisha."