Taa ya Baraza Iliyowaka Mchana

Kila akitoka shule, Tabitha alipitia baraza ya nyuma kumwamkia bibi yake, Elieshi, aliyeletwa Engutoto kutoka Nkoaranga kutibiwa macho. Mchana bibi aliona vizuri, lakini jua likizama alitembea akipapasa ukuta. Ndiyo maana mama yake Tabitha alinunua balbu inayoongozwa na simu, iwake yenyewe barazani saa moja jioni na kuzima saa nne usiku.

Fundi Gerson aliifunga Jumatatu, akapanga saa kwenye simu ya nyumbani, akaaga. Tabitha alikuwa darasa la sita, na kwa simu alikuwa mtundu kupindukia. Hakukawia kuichukua na kuchungulia. Akaona 7:00 na 10:00, akacheka peke yake. Mama amesema saa moja, huyu kaandika saba! Basi naye akajipa ufundi, akaandika 1:00 na 4:00. Herufi za PM zilizokuwa pembeni hakuzijali. Akarudisha simu kabatini, wala hakumwambia mtu.

Kesho yake taa iliwaka saa saba mchana, jua likiwa utosini, ikazima saa kumi. Giza lilipoingia, haikuwaka. Jumatano ikawa vile vile. Alhamisi jioni bibi alitoka kuanua kanga yake, akajikwaa kwenye ndoo, akaanguka na kuchubuka goti. Mama aliporudi na kuona damu, alifura kwa hasira.

Ijumaa, katika kipindi cha Kiingereza, mwalimu alichora saa ubaoni na kuwakumbusha kuwa saba ya Kiingereza ni saa moja kwa Kiswahili. Tabitha akazikumbuka zile namba alizozifuta. Loo, kumbe! Alitaka kwenda kurekebisha kimyakimya, lakini alikuta simu mama ameshaitia mkobani. Kusema akaogopa, akala chakula chake akiangalia chini.

Jumamosi mama alimwita Gerson na kumwambia amefanya kazi ovyo. Gerson hakubishana. Alipima swichi, akaikuta nzima. Alikagua nyaya moja moja. Kisha akaihamishia balbu ile jikoni, na ya jikoni akaileta barazani, wakasubiri. Ilipotimu saa saba, balbu ikawaka huko huko jikoni.

"Basi nyaya za baraza hazina kosa," alisema. "Balbu inafanya ilichoambiwa. Naomba simu, mama."

Alipoifungua, alieleza kwamba simu huhesabu saa kwa Kiingereza, kwamba yeye aliandika saba na kumi, na kwamba namba zile hazikuwa zake. Mama hakutaka kusikia. Mwingine nani? Alisema jioni hiyo angempigia Mzee Melkizedeki wa usharika, watafute fundi mwingine wa kuweka umeme kwenye jengo jipya la watoto kanisani. Kazi hiyo Gerson alikuwa ameahidiwa, na aliisubiri tangu mwaka jana. Aliinama, akaanza kukusanya bisibisi zake.

Tabitha alisimama mlangoni, aibu imemjaa. Adhabu aliiogopa sana, lakini kumtazama mtu yule akifunga mkoba wake kulimshinda.

"Mama, ni mimi. Niliona 7:00 nikadhani fundi amekosea. Bibi ameanguka kwa sababu yangu."

Mama alikaa kwenye kiti, akamtazama fundi.

"Fundi, nisamehe," alisema. "Nimekuhukumu kabla ya kuwauliza watu wa nyumbani kwangu."

Gerson aliitikia kwa kichwa, kisha akamgeukia Tabitha.

"Kujaribu si vibaya, mwanangu. Hata mimi nimeunguza vitu vingi nikijifunza. Lakini ukigusa kitu, sema umekigusa. Uliponyamaza, bibi alitembea gizani, na mimi nusura nikose kazi. Shika simu, uiweke sawa mwenyewe."

Tabitha alimwomba fundi msamaha, akaandika 7:00 na 10:00. Kabla ya kubonyeza, alimwita mama aje aone. Halafu akaenda kumpigia bibi magoti na kumweleza yote.

Balbu ilirudishwa barazani, na saa moja jioni ikawaka. Bibi alitoka bila kugusa ukuta. Mama naye alichukua simu, akampigia Mzee Melkizedeki, Tabitha akiwa ubavuni pake.

"Mzee, shikamoo. Nimepiga kuhusu Fundi Gerson. Msimwache, kazi yake anaijua. Taa ilipoleta matata, kosa lilikuwa la nyumbani kwangu."