Nyumba Iliyoondoka na Kesi Yake

Nyumba ya Dorkas iliondoka kijijini Ngurwair asubuhi ya mvua, bila kuaga, na watu wawili waliokuwa wakiigombania wakiwa ndani.

Aliyeiondoa ni ule mto mdogo wa nyuma ya kanisa, ambao siku za kawaida kuku huuvuka bila kulowa tumbo. Mvua ya mlimani iliutia wazimu. Ulikuja na magogo, ukajipenyeza chini ya nyumba katikati ya nguzo zake, kisha ukainua mgongo. Nyumba iliguna. Misumari ikalia. Nguzo zikabaki zimesimama pwani kama meno ya mwisho ya mzee anayekaribia ubogoyo, na sakafu, kuta, madirisha na paa la makuti ya msago vikateleza kuelekea baharini polepole, kwa heshima, kama bibi harusi anayetolewa ndani.

"Shemeji," Dorkas alisema, ameng'ang'ania dirisha, "kesi haijasikilizwa, umeshaanza kuihamisha?"

"Kama ningeihamisha ningeipeleka baharini? Nina wazimu?" Melkior alifoka. Sakafu ikainama, akateleza kutoka ukuta hadi ukuta, na msumari uliochomoza ukamchana wayo kuanzia kisigino.

Abiria wa tatu alikuwa Sajini, beberu wa Dorkas, aliyekimbilia ndani kukwepa mvua. Alisimama katikati ya sebule, miguu imetanuka, akatazama kijiji kikipungua mlangoni.

Watakuwapo wa kubisha kwamba nyumba haielei. Hao hawakumjua marehemu Bonifasius, mume wa Dorkas. Alikuwa fundi mashua maisha yake yote, na hakujua kujenga kitu kisichoelea. Hata banda la kuku alilomjengea jirani lilikuwa na mkuku. Banda hilo lilitangulia mbele yao asubuhi ile, majogoo wawili juu yake wakiwika kama wakuu wa meli, na mpaka leo halijulikani lilitia nanga wapi.

Mpaka adhuhuri upepo wa nchi kavu ulikuwa umewasukuma mbali, na kisiwa cha Kei kimekuwa mstari wa moshi. Mvua ikapungua. Ndipo Dorkas alipotazama pipa la maji kwenye pembe ya jiko, pipa la bluu lililojaa hadi kwenye kifuniko, akatazama na kile kilichofungwa juu yake, akacheka peke yake.

Pipa lilikuwa limefungwa hawear.

Ni kuti changa la mnazi tu, la manjano, limepigwa fundo. Mtoto wa miaka mitatu anaweza kulikata. Lakini ukilikuta kwenye mnazi, huchumi; ukilikuta kwenye mtumbwi, husafiri nao. Aliyelifunga ndiye pekee anayelifungua, na akilifungua lazima amtaje kwa sauti mwenye mali, na anayedaiana naye lazima aitikie "ndiyo." Anayelikata kwa kisu kabla ya kesi amejihukumu mwenyewe: mali si yake, wala hasemi tena. Na anayetaja jina la uongo, bahari inamjua.

Tangu Bonifasius azikwe, Melkior, mdogo wake, alikuwa na wimbo mmoja. Nyumba imesimama juu ya ardhi ya ukoo wetu. Kaka kaondoka, nyumba inarudi kwenye ukoo. Dorkas naye alikuwa na wake: kila ubao wa nyumba ile aliubeba yeye kichwani kutoka msituni, na kaka mtu alipiga nyundo tu. Basi Melkior akaja na mzigo wa makuti machanga, akafunga hawear kwenye pipa, kwenye gunia la embal, ile mikate mikavu ya muhogo, na kwenye kabati la vyombo, wazee wa kijiji waje waamue. Dorkas aliruhusiwa kulala ndani, kutumia, hapana. Alikuwa akila kwa majirani. Asubuhi ile ya mafuriko, Melkior alikuwa amekuja kukagua mafundo yake.

"Kata basi," Melkior alisema, akishika mguu wake unaovuja damu. "Nani anakuona huku?"

"Sajini ananiona."

"Huyo mbuzi."

"Mbuzi hana ukoo, hapendelei mtu. Na wewe fungua basi, umefunga mwenyewe."

"Nikifungua itabidi nitaje jina."

"Si utaje."

Melkior akakohoa, akanyanyua kidevu. "Nyumba hii ni ya Melkior!" Akangoja aitikiwe. Dorkas alikuwa akitazama kucha zake. Mbuzi akageuka akaangalia upande mwingine. Chini ya sakafu bahari ikapiga ubao mara moja, pwa! Melkior akarudisha mkono wake kifuani, hakulijaribu tena jina lile.

Waliishi kwa matone ya paa. Vyombo vyote vilikuwa kabatini, na kabati lina fundo, kwa hiyo walitandaza kitenge cha Dorkas chini ya mchirizi wa makuti na kukikamua midomoni. Maji yalikuwa ya kahawia, yana ladha ya moshi wa jikoni na mijusi. Dorkas alikuwa na kifuko chake cha tambuu kiunoni, kitu pekee ambacho shemeji yake hakukifunga. Alitafuna majani mawili, akayabandika kwenye wayo uliochanika, akakaza kwa utepe aliouchana kwenye pazia.

"Pazia hilo halina hawear?" Melkior aliuliza, meno yameumana kwa maumivu.

"Ulisahau. Tulia, shemeji, usipige teke."

"Linachoma!"

"Linachoma kwa sababu linaponya. Lingekuwa halichomi ningekulilia."

Kisha mvua ikakoma kabisa, na jua likaja na viti vyake likakaa.

Dorkas ndiye aliyegundua kwamba nyumba inaendesheka. Ukifungua dirisha la jikoni na kufunga la sebuleni, upepo unaingia, unajaa chumbani, unausukuma ukuta wa mbele, na nyumba inageuza uso kama ng'ombe aliyeitwa. Ukifungua yote mawili inasimama, inafikiri. Bonifasius alikuwa ameyapanga madirisha vile, na mkewe alikuwa akimgombeza miaka yote kwamba hayalingani.

"Fungua la kwako," alikuwa akiagiza. "Nusu. Nusu nimesema! Sasa tunaenda kusini."

"Nyumbani ni magharibi."

"Upepo ni wa magharibi. Tutakwenda kusini mpaka uchoke, halafu tutaingia na mkondo."

Bahari ikalala. Ikawa laini na nyeupe kama maziwa kwenye kisahani, bila upande wala mwisho. Mwanga ulipenya katikati ya mbao za sakafu ukachora mawimbi darini, na waliolala chali hawakujua kama wanatazama juu au chini. Samaki wadogo wa bluu walipita chini ya kitanda. Viwavi vya bahari vilielea nje ya mlango, vikifunguka na kufumba taratibu, kama taa zinazopumua. Mara kasa akaja chini ya nyumba akaanza kugongagonga mbao kwa gamba lake, ko, ko, ko, kisha kimya, kisha ko, ko.

"Boni anapigilia misumari," Dorkas alisema, macho yamefumba.

"Hata mimi namsikia," Melkior alijibu kwa upole, na kwa muda mrefu hawakugombana.

Kati yao lilikaa pipa. Mchana joto lilipopanda lilitoa sauti ndani yake, tone moja likitoka kwenye kifuniko na kurudi majini, tii. Midomo yao ilipasuka. Ulimi wa Dorkas ulikuwa mzito kama kiatu. Embal nayo iliwanukia kutoka kwenye gunia lake. Walimsogeza Sajini kwenye hawear ya gunia, wakampapasa, wakambembeleza ale, maana akila mbuzi si kosa la mtu. Sajini, aliyekwisha kula mkeka na ukurasa wa kalenda, alilinusa lile kuti, akapiga chafya, akarudi nyuma hatua tatu. Mbuzi wa Ngurwair amelelewa.

"Shemeji," Dorkas alisema alasiri moja, sauti imebaki uzi, "sogea hapa. Tazama chini."

Melkior akajiburuta, akaweka jicho kwenye ufa wa sakafu.

"Unaona nini?"

"Maji."

"Chini yake?"

"Bluu. Halafu nyeusi."

"Nionyeshe ardhi ya ukoo wenu."

Melkior alikaa na jicho lake pale ufani muda mrefu. Aliitafuta kweli. Hapakuwa na nguzo, hapakuwa na mchanga, hapakuwa na mpaka wa jiwe ambao babu yake aliuweka. Palikuwa na mbao tu, na kila ubao, sasa alipoukaribia kwa pua, ulikuwa na kovu la panga la msituni. Alizikumbuka mbao zile zikishuka mlimani, na shingo ya mwanamke chini yake.

Akaliondoa jicho ufani. Alikuwa mtu wa kiburi, na kiu ilikuwa haijamaliza naye.

Ilimaliza naye kesho yake. Dorkas alikuwa dirishani akitafuta ndege, maana ndege wa jioni huonyesha nchi iliko, aliposikia Melkior akiongea kwa furaha. Alikuwa amesimama mlangoni kwa mguu mmoja, amechana nywele.

"Wote wako hapa chini," alisema. "Kanisa. Baraza la wazee. Mama anachoma samaki. Wamenitengea mahali. Nakuja, nakuja, ngoja nivue shati."

Akanyanyua mguu kukanyaga ngazi ambayo ilikuwa imebaki Ngurwair.

Dorkas alijirusha sakafuni akamdaka kifundo. Ulikuwa mguu wenye kidonda. Melkior alipiga ukelele ambao uliamsha kila kilicholala baharini, akaanguka, nusu ndani, nusu nje, kichwa kikachovya majini. Hakukuwa na kanisa. Palikuwa na uso wake tu, umekauka, unamtazama.

"Niachie!"

"Sikuachii."

"Niachie, Dorkas! Ukiniachia nyumba ni yako, hujui hesabu?"

"Najua," Dorkas alisema, akikaza vidole. "Lakini nikikuachia, nani atafungua lile pipa?"

Melkior akaanza kucheka. Alicheka akiwa amening'inia vile, bila mate, bila sauti, mpaka kicheko kikageuka kitu kingine, na Dorkas akamvuta ndani kama mtu anayevuta nyavu. Alitambaa moja kwa moja hadi kwenye pipa. Vidole vyake vilikuwa vimevimba. Fundo alilolikaza kwa kiburi lilichukua muda kulegea.

"Nilifunga mimi," alisema. "Nafungua mimi. Nyumba hii na vilivyomo ni vya Dorkas, aliyeibeba kichwani kabla haijawa nyumba."

"Ndiyo," Dorkas aliitikia.

Sajini akalia mara moja. Wakamhesabu shahidi, wakampa maji kwanza.

Walikunywa kwa viganja, kidogo kidogo, wakitapika na kunywa tena. Waligawana jani la mwisho la tambuu. Embal ililoweshwa ikawa uji. Na usingizi wa alasiri ile ulikuwa mtamu kiasi kwamba hakuna aliyesikia upepo ukigeuka.

Lakini usiku Dorkas hakulala sawasawa. Kwenye kilindi mtu husema lolote. Shahidi wake alikuwa beberu, na baraza la wazee halijawahi kumsikiliza beberu. Kila alipomtazama Melkior alijiuliza: akikanyaga mchanga, ardhi ikirudi chini ya nyayo zake, je, na ukoo hautarudi?

Nyumba ilipanda mchanga asubuhi, kwenye ufuo wa Lervuan, kusini ya kwao, ikakaa kwa mlio kama mtu mnene anayekaa kitini. Kijiji kizima kilitoka. Watoto walipiga mayowe kwamba nyumba inakuja na watu dirishani. Mbele ya wote alikuja Bapa, yaani Baba, Sirilus, mwenye ufuo ule, mtu mrefu mwenye haraka, na mkononi mwake kuti changa la manjano.

"Karibuni, poleni, waleteeni watu madafu," alisema kwa mkupuo mmoja. "Ila kitu kikishafika kwenye mchanga wangu, basi ni changu. Tutafunga hapa, halafu wazee waamue."

Dorkas alimtazama shemeji yake. Melkior aliteremka, akatia mguu mzuri mchangani, halafu ule wa kidonda. Akausikia mchanga. Akasimama palepale kidogo, kama mtu aliyekutana na rafiki wa zamani.

"Bapa," alisema, "maneno hayo nayajua. Yalikuwa yangu. Nilifunga hawear nyumba hii, nikakaa ndani nikaona pipa limejaa, nikakaribia kufa. Mnasikia nyote? Nilifunga mimi, nimefungua mimi. Nyumba hii ni ya Dorkas."

"Ndiyo!" watu wa Lervuan wakaitikia, maana hilo halina mjadala.

"Lakini mchanga ni wangu," Sirilus alisema. Alilinyanyua kuti lake alifunge mlangoni, akakuta ameshika uti mtupu wa kuti. Sajini alikuwa amelimaliza lote, akilamba hata kidole. Lile lilikuwa halijafungwa popote.

Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Sirilus naye mwishowe akacheka, akauliza, "Sasa, Bapa Melkior, kitu chote hiki kitakaa wapi?"

"Usiniulize mimi. Muulize mwenyewe."

Mwenyewe alikuwa ameshaingia ndani. Maji ya bahari yalikuwa yakijaa, yanalamba chini ya sakafu. Dorkas aliyatazama, akautazama upepo kwenye minazi, kisha akafunga dirisha la sebuleni na kufungua la jikoni. Nyumba ikaguna. Mchanga ukaachia.

"Shemeji!" aliita. "Unapanda, au unabaki na ardhi?"

Melkior akaikimbilia, akichechemea majini, madafu mawili kwapani.