Kielekezi Nyuma ya Sikio la Nyamizi

Sekunde nne kabla ya kipenga cha mwisho cha mechi ya mpira wa kikapu, Nyamizi alitoa pasi bila kugeuza shingo, na mpira ukamkuta mwenzake pale pale ulipotakiwa. Wavu ukacheza. Miamba ya Mwanza walikuwa wameshinda mechi ya sitini na moja mfululizo, na tangu mchezo uanze hakuna hata mmoja wao aliyefungua kinywa.

Nyuma ya sikio la kila mchezaji kulipandikizwa kielekezi, chombo kidogo kama punje ya mtama. Kilisoma mienendo ya watu kumi uwanjani, kikausukuma mwili upande unaofaa kabla mwenyewe hajawaza. Kwa miaka ishirini Kocha Generoza alikuwa amefundisha kwamba timu hushinda kwa kuwahi mazoezini, kuitana majina wakati wa kukaba, na kumpa mpira aliye na nafasi nzuri zaidi. Sasa alikaa benchi kwa sababu tu kanuni za ligi zilidai awepo kocha.

Nyamizi alipotimiza miaka ishirini na saba, kasi yake ilipungua kidogo. Klabu ikamwacha, na kwa kuwa kielekezi kilikuwa mali ya klabu, kikatolewa.

Wiki tatu baadaye dada yake alimpigia simu Generoza, akamweleza kwamba Nyamizi hukaa mbele ya sahani ya chakula mpaka aambiwe ale. Tangu hapo Generoza akawa anampeleka kila asubuhi kwenye kiwanja cha shule. Alianza naye kama alivyozoea kuanza na watoto: dunda mara tatu, inua kichwa, tazama, amua. Kudunda, Nyamizi alidunda vizuri mno. Kichwa aliinua. Kisha akasimama, mpira mikononi, jasho likimtiririka.

"Unaona nini, mwanangu?"

"Naona kila kitu, Kocha. Nakuona wewe, naona kikapu, naona na nafasi. Ila sioni kwa nini nichague hiki niache kile."

Walirudia kwa miezi minne. Siku moja alijitupa kushoto mwenyewe, na Generoza nusura alie kwa furaha. Kumbe Nyamizi alikuwa amemfuata kocha wake tu, aliyekuwa ameegemea upande huo.

Generoza akaenda kwa Mhandisi Bahame, mbunifu wa kielekezi. Bahame hakukana. Alieleza kwamba ile sehemu ya ubongo inayoamua, ikikaa miaka bila kazi, hunyauka, na ikishanyauka hairudi. Generoza akamtaka avitoe vielekezi vya wachezaji wote kabla hawajafika huko.

"Wameshafika, Kocha," Bahame akasema. "Kielekezi kikiwamo, wanakula, wanacheka, wanalea watoto wao. Nikikitoa leo, kesho utakuwa na kina Nyamizi kumi na wawili."

Jumamosi Generoza alirudi benchi. Katika robo ya tatu Mbuke, mama wa mapacha, alichelewa nusu hatua kumfikia mpinzani aliyepaswa kumkaba. Jukwaani hakuna aliyeona. Generoza aliona, na alijua kwamba viongozi wa klabu nao wangeiona nusu hatua hiyo kwenye takwimu jioni ile, kama walivyoiona kasi ya Nyamizi ilipopungua. Akainuka, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi akapaza sauti.

"Mbuke, ongeza mwendo, mwanangu."

Mbuke alipita mbele yake, macho yakitazama mbele tu, bila kugeuka.