Ngumi Kwenye Shavu Lenye Ganzi

Sindano ilipotoka kwenye ufizi, simu ya Gego ikatetemeka mfukoni.

*Fundi wa friji ni feki. Ana bahasha nyekundu. Anashuka.*

Gego aliusoma ujumbe huo kutoka kazini akiwa kwenye kiti cha daktari wa meno, mdomo wazi kama droo iliyokwama. Miaka kumi na tano ya ujasusi, yote akitafuna tumbaku ili asisinzie kazini, ilikuwa imemwachia baka jeupe ndani ya shavu la kushoto. Baka la namna hiyo linaweza kugeuka saratani. Leo daktari alitaka kukata kipande akipime.

Akainuka.

Daktari akamwambia hajamaliza. Gego akajibu kitu ambacho hata mwenyewe hakukielewa. Nusu ya uso wake ilishaenda likizo.

Ghorofa ya juu ya kliniki ile kulikuwa na jaribio la dawa. Watu mia na ishirini wenye mabaka walikuwa wakimumunya vidonge vilivyotengenezwa kwa bizari ya manjano na chai ya kijani, ionekane kama vinazuia saratani ya kinywa. Nusu yao walipewa dawa. Nusu walipewa unga wenye rangi ileile na uchungu uleule. Nani anapata nini, hata daktari hakujua. Siri ilikaa kwenye bahasha moja nyekundu, ndani ya friji ya dawa.

Mwenye bahasha angebadilisha vichupa, jaribio lingeanguka, na kampuni ya ng'ambo iliyomtuma fundi huyo ingeinunua dawa kwa bei ya kutupa.

Gego alikuwa mshiriki namba arobaini na moja.

Ngazi. Tatu tatu. Mkono kwenye bastola.

Redio ya sikioni ikakwaruza. Mkuu wake akauliza yuko wapi, akasikiliza jibu, kisha akauliza kama amelewa saa nne asubuhi.

Fundi alikuwa kwenye maegesho, sanduku la vifaa mkononi, anafungua Toyota nyeupe. Ovaroli yake bado ilikuwa na mikunjo ya dukani. Haikuwa na hata doa.

"Fungua sanduku, kaka."

Jibu likawa ngumi. Ngumi ya mtu aliyesomea. Ilitua shavu la kushoto, barabara.

Gego hakuhisi kitu.

Alisikia kishindo tu, kama mlango wa jirani. Akasimama palepale, akimtazama. Fundi akautazama mkono wake kama nyundo iliyomkana.

Sekunde hiyo ilitosha. Kiwiko. Goti. Pingu.

"Wewe ni mtu kweli?" fundi akauliza akiwa chini kwenye lami.

"Nusu tu, ndugu yangu."

Bahasha ilikuwa chini ya spana. Kona moja ilikuwa imebanduka. Kidole kimoja tu, na Gego angejua: miezi minane amekuwa akimumunya dawa, au unga.

"Umechungulia?" Mkuu akauliza redioni.

"Nikijua, wananitoa kwenye jaribio. Watabaki mia na kumi na tisa."

Akamwacha fundi amefungwa pingu kwenye Toyota, akapanda ngazi taratibu, akamkabidhi daktari bahasha, akarudi kwenye kiti na kufungua mdomo. Kipande kikakatwa. Majibu baada ya wiki.

Nje, akatupia kidonge cha asubuhi mdomoni. Kwa ganzi, hakikuwa na ladha yoyote. Akavaa miwani ya jua, akavuka barabara bila kutazama nyuma.

Upande wa pili wa barabara, ganzi ikaanza kuachia.

Hapo ndipo ngumi ya fundi ilipofika.

Gego akashika shavu, akaendelea kutembea.