Dawati la Prufu

Walikutana mapokezi ya ofisi ya gazeti, saa nne asubuhi, watu wakisukumana kuleta matangazo ya vifo na ya nyumba za kupangisha. Mchumi alikuwa ameacha kazi ya serikali juzi tu, makala yake ya kwanza ameibana kwapani. Binti mwenye gauni la kijani aliichomoa, akasoma mstari mmoja, akacheka.

"Sentensi moja maneno hamsini! Dakta, msomaji wako apumulie wapi?"

"Kwani wewe ni nani?"

"Msomaji prufu, mfuta makosa. Huchapishwi bila kupita kwangu."

Basi, mchumi akawa amekwisha kwa mapenzi. Mwaka wa pili safu yake ya Alhamisi ilikuwa gumzo la mji, makampuni yakimgombania awe mshauri wao, na kila makala alimsomea binti kwanza kwenye simu. "Laazizi, hapo umejisifu. Futa." Naye alifuta. Walishaanza kutafuta nyumba.

Kisha mwenye gazeti mwenyewe akamwajiri ampunguzie gharama. Mchumi akasaini kutunza siri, akainamia majedwali wiki tatu, akaandika: dawati la prufu livunjwe. Alijua fika nani anakaa pale. Lakini mhariri mkuu alimwahidi, kwa mdomo tu, kwamba binti atahamishiwa chumba cha habari, naye akaridhika, mtu mzima na digrii zake tatu!

Alichosahau ni utaratibu wa gazeti lile: hakuna karatasi inayokwenda kwa bodi bila kusomwa prufu. Jina la mwandishi halikuwepo, ila binti alizijua sentensi zile. Ripoti ilimrudia mchumi Jumatatu asubuhi, makosa tisa yamerekebishwa, na pembeni ya ukurasa wa kumi na mbili imeandikwa: "Hoja imeeleweka."

Alipiga simu mara kumi na saba. Ya kumi na nane ikapokewa.

"Mpenzi, nisikilize. Waliniahidi utahamishwa..."

"Nimeuliza. Hakuna nafasi, wala haijawahi kuwepo."

"Sikujua!"

"Unaniuliza mpaka nukta ikae wapi. Hili ukashindwa kuniuliza?"

"Nilisaini, mpenzi."

"Tuko watano huku. Mmoja ana mimba ya miezi saba. Nimtazameje?"

Simu ikakatwa. Bodi ilikuwa inakutana saa hiyohiyo. Mchumi alipanda ngazi mbilimbili, tai imeenda upande, akaingia bila hodi, akasema ripoti ina kosa, anaiondoa. Mwenyekiti akamjibu kwa upole kwamba imeshapitishwa, na kwamba mshauri asiyeuamini ushauri wake hafai hata kuwaandikia safu.

Alijikuta nje, amekaa kwenye ngazi, jua linamchoma. Akapiga tena.

"Nimejaribu kuiondoa."

"Wakasemaje?"

"Imeshapita. Na mimi wamenifukuza. Safu, ushauri, vyote."

Machozi yalimtoka mchumi hadharani, wala hakujali nani anapita.

"Uko wapi?"

"Hapa nje, kwenye ngazi."

"Sijakusamehe. Umenisikia? Na sijui kama nitaweza."

"Nimesikia."

"Usiondoke. Nashuka na wenzangu. Utawaambia ulichoandika, kwa mdomo wako mwenyewe, mimi nitasimama karibu yako."